Ukurasa Ulioitwa Kesho

Wewe uliyeazima gazeti la jirani wiki iliyopita, mwenyewe akalidai kabla hujafika chini ya ukurasa, sogea nikupe ulichokosa. Tulimwacha Mama Vipimo ndani ya stoo ya vifaa ya chuo, saa tisa na nusu alasiri, mlango umejifunga nyuma yake. Akasikia anaitwa. Na aliyemwita alikuwa amezikwa miezi kumi na minne iliyopita.

"Mama Vipimo," sauti ilisema kutoka nyuma ya rafu. "Ikifika jioni, kidole hakifiki."

Mwili ulimsisimka kuanzia kisogoni. Sauti ile aliijua vizuri mno. Ilikuwa nzito kidogo, ya puani kidogo, na neno la mwisho la kila sentensi lilivutwa. Ilikuwa sauti ya Profesa.

Sasa msinikimbie na nyinyi, tuelewane kwanza. Mama Vipimo ndiye anayewachagulia vifaa vya kompyuta wanafunzi wenye ulemavu pale chuoni. Asiyeona humpa kompyuta inayosoma kwa sauti na kibodi ya nukta nundu. Mwenye mikono isiyotulia humpa kipanya cha mpira mkubwa, wa kusukuma kwa kiganja au kidevu. Anakuita, anakupima, anajaza fomu, kamati inagonga muhuri. Kazi hiyo ameifanya miaka kumi na moja, na jina lenyewe alipewa na wanafunzi.

Profesa naye hakuwa profesa. Alikuwa kijana wa mwaka wa pili, mbishi, aliyeweza kubishana na mhadhiri mpaka kipindi kikaisha. Ugonjwa wa misuli ulimnyang'anya miguu utotoni, ukaja mikononi, ukawa unainyemelea sauti. Kabla sauti haijaisha, Mama Vipimo alikaa naye wiki tatu wakarekodi sentensi elfu moja na mia sita, ili mashine itakapokuja kumsemea iseme kwa sauti yake mwenyewe.

Akamchagulia na swichi ya kubonyeza kwa kidole gumba. Swichi hiyo hiyo ilikuwa ya kuandikia, ya kusemea, na ya kupigia kengele kwa msimamizi wa bweni akizidiwa usiku.

Kengele haikulia. Asubuhi moja walimkuta ametulia kitandani. Ripoti iliandika kwamba amefariki usingizini, na kwa miezi kumi na minne Mama Vipimo alikuwa akilishikilia neno hilo ili na yeye apate walau lepe la usingizi.

"Mama Vipimo," sauti ilirudia. "Wewe unanijua wa asubuhi tu."

Hapo alipiga ukelele ambao hata mimi ninayesimulia sikuutegemea kwa mama mtu mzima.

Mlango ulifunguliwa kwa kishindo. Aliingia mtunza stoo, mzee mwenye kicha cha funguo kiunoni na kikombe cha chai mkononi.

"Kuna nini, binti yangu? Panya?"

"Kuna mtu humu!"

"Stoo hii ina mtu mmoja tu, ndiye mimi, na nilikuwa nje nakunywa chai."

"Mzee, nimemsikia Profesa. Ameniita."

Mzee aliacha kutabasamu. Aliweka kikombe juu ya printa, akazunguka nyuma ya rafu. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyeogopa na sasa anajidai hakuogopa.

"Njoo umwone jini wako. Ni boksi!"

Mama Vipimo alisogea. Mashine ya Profesa ilikuwa juu ya meza, imechomekwa umeme, skrini inawaka. Mzee mwenyewe ndiye aliyeichomeka asubuhi, kwa amri ya Mwenyekiti wa kamati, ipate chaji. Kando yake ilikuwa swichi na waya wake. Na juu ya swichi lilikuwa limeegemea boksi tupu la kibodi. Kila feni ikigeuka upande ule, boksi lilipepesuka na kuibonyeza.

"Umeona? Upepo," mzee alisema. "Utaniua kwa presha bure."

Lakini Mama Vipimo hakucheka. Alikuwa anaitazama ile swichi. Yeye ndiye aliyeichagua kati ya swichi saba, kwa sababu ndiyo iliyokuwa nyepesi kuliko zote. Upepo wa feni uliiweza. Kidole cha Profesa hakikuiweza.

Aliinua macho kwenye skrini. Profesa alikuwa amejitengenezea ukurasa wa sentensi za akiba, za kubonyeza na kusema moja baada ya nyingine, na juu yake ameandika jina la ukurasa: KESHO. Zilikuwa sentensi kumi na tatu. Ya kwanza na ya pili upepo ulikuwa umeshazisema.

Mama Vipimo alielewa, na moyo ukamuuma. Yule mtoto alikuwa ameziandika asubuhi, kidole kikiwa hai, ili kesho yake aje ofisini amwambie. Kesho ilipofika hakuja, akaacha mpaka kesho nyingine, na nyingine tena, mpaka zikamwishia.

"Zima, mzee," alisema kwa sauti ndogo.

"Nizime? Mwenyekiti anakuja saa kumi na moja na fundi waifute. Si ndiyo anapewa yule binti?"

Hapa ndipo ninapowaomba mkae vizuri. Binti mwenyewe ni mdogo wake Profesa. Ndugu zake humwita Kitinda, kwa kuwa ndiye kitinda mimba wa nyumba ile. Ugonjwa ni ule ule, ila kwake ulichelewa. Ameingia mwaka wa kwanza juzi, na usiku huu ndio wa kwanza kulala bweni. Kamati ilikwisha sema: ugonjwa mmoja, tumbo moja, basi kifaa ni kile kile. Mashine ya kaka, swichi ya kaka, kengele ya kaka. Na aliyejaza fomu hiyo jana mchana ni Mama Vipimo.

Alimpigia simu Mwenyekiti akiwa bado amesimama pale pale stoo.

"Mheshimiwa, nataka kumpima Kitinda upya."

"Upya? Si jana alipata ishirini kwa ishirini?"

"Jana nilimpima saa nne asubuhi. Nataka kumpima sasa hivi."

"Mama, tangu lini tunapima jioni? Asubuhi vipimo, mchana makaratasi. Ratiba hiyo uliitunga wewe."

Ilikuwa kweli. Aliitunga yeye, mwaka wake wa kwanza kazini, ili mchana apate utulivu wa kujaza fomu. Kwa miaka kumi na moja hakuwahi kuuona mkono wa mwanafunzi yeyote baada ya saa saba.

"Nikitaka kubadilisha kifaa?" aliuliza.

"Utaandika sababu."

"Nitaandika."

"Utaandika nini? Kwamba kile cha kwanza hakikufaa? Kilichaguliwa na nani?" Mwenyekiti alishusha sauti, akawa mpole, na upole wake ulitisha kuliko ukali. "Sahihi ni yako, mama. Marehemu amepumzika. Usifukue kaburi. Saa kumi na moja nakuja na fundi."

Simu ikakatika.

Mtunza stoo alikuwa amesikia yote, maana Mwenyekiti ana sauti ya kuuzia mnadani. "Binti yangu," alisema, "kazi ni ngumu kupata siku hizi."

"Mzee, nisaidie kuisukuma hii mashine mpaka chumba cha vipimo."

"Hujanisikia?"

"Nimekusikia. Shika upande huo."

Kitinda alikuwa tayari chumbani, akisubiri kukabidhiwa mashine, kwenye kiti chake cha magurudumu, mgongo wima kama aliyeketi mbele ya mpiga picha. Mama yake alikuwa amekwenda bweni kumtandikia kitanda. Mzee aliiweka mashine mezani, akarudi stoo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujachoka?"

"Sijachoka kabisa," binti alijibu haraka. Mno. "Si ulishanipima jana? Nimefeli?"

"Hapa hakuna kufeli. Nataka kuhakikisha tu."

Macho ya Kitinda yalikuwa kwenye mashine. Mama Vipimo aliishika swichi, akafungua ukurasa wa mazoezi, ule wa KESHO akauacha nyuma, na akashusha sauti hadi mwisho.

"Mama, pandisha sauti," Kitinda alisema.

"Kwa mazoezi haina haja."

"Pandisha tafadhali. Nyumbani tulibaki na picha tu. Sauti yake mliibakiza nyinyi."

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mama Vipimo alipandisha.

Walianza saa kumi kasoro robo. Kila kidole kikibonyeza, mashine ilihesabu kwa sauti ya Profesa. Moja. Mbili. Tatu. Kitinda alitabasamu na kufumba macho. Alifika kumi na tisa kwa ishirini.

Kumi na tisa! Mama Vipimo alihisi mzigo umemshuka mabegani. Pengine Mwenyekiti yuko sahihi. Pengine kijana alifariki usingizini kweli, na sentensi zile ni ubishi wake wa kawaida.

"Tena," alisema hata hivyo.

"Basi mama, imetosha. Mama yangu ananisubiri."

"Mara moja tu."

Kumi na saba. Kisha kumi na mbili. Jasho lilianza kumtoka Kitinda juu ya mdomo, na tabasamu lilikuwa limekwisha. Saa kumi na dakika ishirini alipata nne. Kisha sauti ya Profesa ikasema moja, ikanyamaza.

Kidole gumba kilikuwa kimelala pembeni ya kitufe. Kati yake na kitufe ungeweza kupitisha punje ya mchele, basi.

"Bonyeza, mwanangu."

"Nabonyeza."

Kidole hakikusogea.

"Bonyeza, Kitinda."

"Mama, nabonyeza!"

Alikuwa anabonyeza kweli. Mishipa ya shingo ilikuwa imemtoka, meno ameyauma, na kile kidole kimetulia tuli kama si chake. Mama Vipimo aliona chumba kizima kinageuka kuwa cha bwenini, saa nane ya usiku, kijana amelala chali anabonyeza, anabonyeza, na msimamizi yuko chini anasinzia kwa sababu kengele haijalia. Alijifunika uso kwa viganja.

Alipoviondoa, Kitinda alikuwa analia bila sauti.

"Usinirudishe nyumbani," binti alisema.

"Nani amesema urudi nyumbani?"

"Ukifeli kipimo wanakurudisha. Kila mtu anajua."

"Kila mtu nani?"

"Watu! Walimwambia mama tangu zamani za kaka. Wakikuta hata kubonyeza hawezi, chuo hawampokei. Ndiyo maana tulimwandaa."

Mama Vipimo alivuta kiti, akakaa. "Mlimwandaa vipi?"

"Mimi ndiye niliyemwandaa." Maneno yalitoka kwa mafungu, pumzi zikikatika. "Siku tatu kabla ya kipimo hakufanya kitu chochote. Tulimlisha, tulimvalisha, hata kurasa za kitabu nilimfunulia mimi. Asubuhi ya siku yenyewe niliuloweka mkono wake kwenye maji ya moto. Akapata ishirini kwa ishirini. Tulishangilia njia nzima."

"Na wewe jana?"

"Siku nne. Niliongeza moja."

Wasomaji wangu, mwanamke yule alikaa pale akawaona wote. Miaka kumi na moja ya wanafunzi, mmoja mmoja, wameingia ofisini kwake saa nne asubuhi na mikono iliyolazwa siku tatu, macho yaliyopumzishwa, migongo iliyokazwa kwa nia. Wote wametoka na vifaa walivyochaguliwa kwa saa yao nzuri kuliko zote. Yeye alidhani anachagua kifaa. Wao walidhani wanafanya mtihani. Na hakuna aliyewahi kumwambia mwenzake.

"Lakini kaka alikufa usingizini," Kitinda alisema ghafla. Aliinua uso. "Si mlisema usingizini?"

Haya, mtu angeweza kuongopa hapo. Uongo ulikuwa tayari umeandikwa kwenye ripoti, una muhuri, ulikuwa unahitaji kuitikiwa tu.

"Sijui, mwanangu," Mama Vipimo alisema. "Tulisema usingizini kwa sababu kengele haikulia. Hatukuuliza kama aliweza kuipiga. Mimi sikuuliza. Swichi niliichagua mimi."

Saa ya ukutani ilikuwa inaelekea saa kumi na nusu.

"Utaandika hayo?" Kitinda aliuliza.

"Lazima niandike, ili nikubadilishie. Bila sababu kamati haibadilishi."

"Usiandike."

"Kitinda..."

"Mama atauliza kwa nini kaka alipata ishirini kwa ishirini. Atajua ni mimi. Amebakiwa na mimi tu, halafu ajue ni mimi niliyemuua mwanawe? Nipe swichi ile ile. Nitavumilia, kaka alivumilia."

"Kaka yako hakuvumilia!" Mama Vipimo alijikuta amesimama. "Kaka yako alikufa. Na wewe usiku wa leo utalala bweni na kengele hiyo hiyo. Pumzi ikikukatikia, utamwita msimamizi kwa kitu gani? Kwa kidole hiki?"

Aliuinua ule mkono wa binti. Ulikuwa mzito na baridi, na ulipoachiliwa ulianguka pajani. Wote wawili waliutazama.

Alijuta kusema kwa ukali, lakini maji yalikwisha mwagika. Badala ya kuomba radhi, alifanya anachokijua. Alifungua kabati, akachomoa kiboksi kidogo kilichokaa miaka miwili bila mteja.

"Nijaribu kitu kimoja tu. Ukikataa, sitasema neno."

Ilikuwa swichi ya nyusi. Kitambaa laini cha kufunga kichwani, na mbele yake kidude kidogo kinachokaa juu ya nyusi na kusikia ngozi ikisogea. Alimfunga taratibu, akamsogezea nywele, akachomoa waya wa swichi ya kidole na kuchomeka huu. Skrini ilizimika, ikawaka.

"Nyanyua nyusi kama mtu aliyeambiwa bei ya nyama."

Kitinda, kwa machozi yake yote, alicheka kidogo. Alinyanyua nyusi.

Sasa sikilizeni mashine hizi zilivyo. Ukizibadilishia swichi hujizima na kujiwasha, na zikiwaka hurudi pale ulipoishia ukurasa wa mwisho wa mwenyewe, si wa fundi wala wa mazoezi. Mama Vipimo alilijua hilo tangu zamani. Kwa haraka ya siku ile akalisahau.

"Mama Vipimo," sauti ya Profesa ilisema, kubwa, chumba kizima. "Nisamehe. Siku ya kipimo nilikudanganya."

Kitinda aliganda.

"Hiyo si hesabu," alinong'ona. "Hayo ni maneno yake."

"Mwanangu, ngoja nizime..."

"Ameyasema lini?"

Mama Vipimo alikuwa ameshaunyoosha mkono kuufikia waya. Lakini uso wa Kitinda ulikunjamana kwa kilio, nyusi zikapanda, na kidude kile kikasikia. Kilikuwa kinafanya kazi vizuri kuliko chochote alichowahi kukichagua maishani mwake.

"Kitinda asilaumiwe," Profesa alisema. "Alitaka nisome."

"Usizime!" binti alipiga kelele. "Usiguse!"

"Usiku naogopa, Mama Vipimo. Najifunza kuhesabu pumzi."

Kila kilio kikija, nyusi zilipanda, na kila zilipopanda, marehemu alisema. Binti hakuweza kujizuia, wala mashine haikuweza kutofautisha kulia na kubonyeza. Mama Vipimo alibaki na mkono hewani. Huruma ilimtaka auvute waya. Haki ilimtaka auache. Alitazama saa: saa kumi na moja kasoro dakika tatu. Mwenyekiti angefika na fundi wake, na baada ya nusu saa pasingekuwa na neno hata moja la kijana huyu duniani.

Mlango uligongwa. Ukafunguka.

Hakuwa Mwenyekiti. Alikuwa mama yao, amekumbatia mto wenye foronya mpya, amekuja kumwonyesha mwanawe rangi aliyomchagulia. Mdomo ulikuwa umeshafunguka kusema jambo la furaha.

"Mama," Kitinda alisema, na uso ukakunjamana tena.

"Msimwambie mama kwamba kidole hakifiki," Profesa alisema. "Mwambieni nalala vizuri."

Yule mama hakuuliza ni nani anayesema. Hakupiga yowe, hakuanguka. Aliusogeza mto ukagusa kidevu, akaushika kwa nguvu kama unaotaka kumponyoka, na akasimama hivyo hivyo akiitazama mashine.

Mama Vipimo alijaribu. "Dada yangu, ngoja nikueleze. Kosa ni langu. Mwanao..."

"Mama, ni mimi," Kitinda alimkatiza. "Ni mimi nilimwandaa. Maji ya moto, ni mimi."

"Maji niliyachemsha mimi," mama alisema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Ulidhani kwenye jiko langu maji yanachemka nisijue?"

Hatua zilisikika mwisho wa ukumbi, za watu wawili, na sauti ya mnadani ikimwambia mtu kwamba kazi yenyewe ni ya dakika kumi, kufuta tu. Mama Vipimo alishtuka, akashika waya. Kwa kweli hakujua kama alitaka kuuchomoa au kuulinda.

Yule mama alifunga mlango. Alizungusha ufunguo mara mbili, akauchomoa, akautia kifuani. Kisha akauweka mto mapajani kwa binti yake, akaunyanyua ule mkono uliokufa ganzi na kuulaza juu yake.

"Wewe," alimwambia Mama Vipimo. "Hiyo fomu yenu ya sababu iko wapi?"

"Ninayo hapa."

"Chukua kalamu. Andika anavyosema yeye, usipunguze."

Kitasa kilitikiswa kutoka nje. "Mama! Fungua! Kuna nini humo ndani?" Mwenyekiti aliita.

Mama Vipimo aliketi, akaifungua fomu, akaandika tarehe. Herufi zilikuwa zimempinda kama za mtoto wa darasa la kwanza. Kwenye skrini zilikuwa zimebaki sentensi saba.

"Mwanangu," yule mama alisema, na huwezi kujua alikuwa anamwambia nani kati ya watoto wake wawili. "Maliza."

Kitinda alivuta pumzi, akaacha kulia. Kisha, kwa hiari yake, akanyanyua nyusi.